Mtani Hashtakiwi

Tangu Mwaisha afukuzwe machimboni, Abasi alikuwa anakula kwa raha. Hakuna aliyetia mkono katika chungu chake, hakuna aliyempokonya kipande cha muhogo kikiwa njiani kwenda kinywani, hakuna aliyemuuliza kama anashiba upesi ili awahi kaburini. Alikula peke yake, kwa adabu zote, na chakula kilikuwa hakipiti kooni.

Machimbo hayo yalikuwa ya ulanga, juu katika milima ya Uluguru, miaka ile ambayo gari la moshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lilikuwa limekwisha kufika Morogoro. Wanaume walichimba. Wanawake walikaa chini ya banda la nyasi na visu vyao, wakiuchana ulanga vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, na jioni kila mtu alirudi kwake mikono ikimetameta. Mwenye machimbo alikuwa Mdachi ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Alikuwa na jina lake mwenyewe, refu, lakini hakuna aliyekuwa na haja nalo.

Ukoo wa Abasi na ukoo wa Mwaisha walikuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana mbele za watu, hukuchukulia chako bila kuomba, na wewe huna ruhusa ya kununa. Dawa yake ni kumrudishia tusi kubwa zaidi. Na siku ukifa, wakati ndugu zako wanagaagaa kwa kilio, mtani ndiye anayeshika jembe akakuchimbia. Mwaisha alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mke wa Abasi, marehemu Hidaya, alipozikwa, Mwaisha alijifunga kaniki ya marehemu, akashika kiuno, akamfokea Abasi kwa sauti ileile ya Hidaya: "Wewe mwanamume, kuni ziko wapi? Au nikapike kwa miguu yako?" Waombolezaji waliangua kicheko. Abasi naye alicheka, machozi yakimtiririka, na ndipo alipojua kwamba ataweza kuendelea kuishi.

Basi mtu kama huyo ndiye ambaye Abasi alimshtaki.

Ilikuwaje? Ilikuwa kwa sababu ya cheo. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na Abasi alisifiwa sana. Bwana Miwani alimfanya mnyapara, akampa tarbushi jekundu lenye kishada, na kuanzia hapo Abasi akaanza kutembea polepole, mikono nyuma, akikohoa kabla ya kusema. Watu walivumilia. Mwaisha hakuwa na kawaida ya kuvumilia.

Siku ya mashauri, ya kusikiliza mashtaka ya wafanyakazi, Bwana Miwani alipokuja na mgeni wake, Mdachi mwingine kutoka bomani, Abasi aliwapanga wafanyakazi mstari, akasimama mbele yao ametunisha kifua. Hapo Mwaisha akatoka mstarini, akamvua lile tarbushi, akalivaa yeye. Akatembea polepole mbele ya watu, mikono nyuma. Akakohoa.

"Mniangalie vizuri," alisema. "Mimi ni Abasi. Jana nilikuwa nalala na mbuzi, leo hata mbuzi ananiamkia. Nikifa, nizikeni na kofia hii, maana kichwani mwangu hamna kitu kingine!"

Machimbo yote yalicheka. Mgeni wa bomani alicheka, ingawa sidhani kama alielewa hata neno moja. Bwana Miwani peke yake hakucheka. Alimtazama mnyapara wake, na Abasi akaona katika macho yale kwamba anapimwa, na kwamba anapungua.

Alikuwa na majibu. Siku nyingine yoyote angemwambia Mwaisha kwamba kofia imempendeza kwa kuwa imeficha nusu ya sura. Lakini Bwana Miwani alipoketi na kuuliza, "Nani ana shauri?" Abasi alijikuta amesogea mbele.

"Mimi, Bwana. Huyu mwanamke amenipokonya kofia ya kazi na kunidharau mbele ya watu."

Kicheko kilikatika. Mwaisha bado alikuwa na tarbushi kichwani. Alimwangalia Abasi huku akitabasamu, akingoja amalizie mzaha wake. Alipoona haumaliziki, alilivua, akalishika mikononi.

"Umechukua kofia?" Bwana Miwani aliuliza.

"Nimechukua, Bwana. Huyu ni mtani wangu."

"Mtani ni nini? Ndugu?"

"Si ndugu, Bwana."

"Mume?"

"Hapana, Bwana."

Bwana Miwani akamgeukia Abasi. Hapo palikuwa na nafasi. Kauli moja tu ingetosha: Bwana, hii ni desturi yetu, shauri halipo. Abasi aliijua kauli hiyo, ilikuwa ulimini. Aliitazama ardhi. Bwana Miwani akaamuru Mwaisha arudishe kisu cha kazi, aondoke, asionekane tena machimboni.

Abasi alidhani angekemewa tu. Ndivyo alivyojiambia baadaye, na labda ni kweli. Lakini mkuki ukisharushwa haumuulizi aliyeurusha alitaka kuchoma kiasi gani.

Aibu haikumjia siku ile. Ilimjia kidogokidogo, kwa heshima. Alipopita bandani, wanawake waliinamisha vichwa. "Shikamoo, mnyapara." Wanaume aliokua nao, walioiba naye ndizi za watu, walimpisha njia. Hata Kasiani, Mkristo wa kijiji cha misheni aliyekuwa akimwita kila asubuhi "mzee wa vumbi," sasa aliitikia, "Ndiyo, mnyapara," akaendelea kuchimba.

"Kasiani, na wewe?" Abasi alimuuliza. "Yule mwanamke hakunikosea?"

Kasiani aliegemea sururu. "Kukasirika ulikuwa na haki. Ungemtukana mpaka jua likazama, tungekushangilia. Lakini mtani hashtakiwi, Abasi. Sasa nani atakutania? Kila mtu anaogopa kuitwa kwa Bwana." Akafikiri kidogo. "Na nani atakuzika?"

Abasi alikwenda kwa Bwana Miwani, akavua tarbushi, akasema anataka kufuta shauri lake. Bwana Miwani hakuinua hata uso. "Shauri limekwisha," alisema. "Kazi!"

Usiulize jinsi alivyomkumbuka Mwaisha. Alikumbuka ile sauti iliyopasuka kama kuni mbichi motoni. Alikumbuka mkono wenye vumbi la ulanga ukiingia katika chungu chake. Alijikuta anatunga matusi peke yake njiani, mazuri kabisa, kisha anakumbuka hana wa kumpa. Watu walidhani mnyapara anasali.

Mwishowe aliomba ruhusa, akavuka mgongo wa mlima mpaka Kinole, kwa akina Mwaisha. Alijiandaa kupokelewa kwa matusi. Aliyatamani. Alitamani amwagiwe maji ya vyombo, aitwe mbwa, aambiwe kaburi lake limeota majani kwa kungoja.

Mwaisha alikuwa uani na mama yake, wanachambua maharage. Alipomwona, aliinuka, akajifunga nguo vizuri, akapiga magoti.

"Shikamoo, bwana mnyapara."

Mwaisha alimletea kigoda, akamletea maji ya kunawa, akamshikia bakuli. Akamwandalia ugali na kunde, akarudi nyuma, akakaa na macho chini.

"Mwaisha," alisema Abasi, "huu ni ugali au udongo wa kukandikia nyumba? Ndiyo maana hujaolewa!"

Mama mtu aliacha maharage. Akamtazama binti yake.

"Utuwie radhi, bwana," Mwaisha alisema. "Sisi ni maskini."

"Mjibu, mwanangu," mama alinong'ona. "Mwenzio amekuja."

"Mama, huyu ni mtu wa mashauri. Nikimjibu, nitajuaje kama atacheka au atanipeleka kwa Bwana?" Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema taratibu, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mimi sikuvaa ile kofia kumdharau. Nilimwona anapotea, nikataka arudi."

Abasi aliinuka. Hakubakiwa na ujanja mwingine, akafanya kile ambacho mtani yeyote ana haki ya kukifanya: alimrukia kuku aliyekuwa anadonoa uani, akamkwapua, akaanza kuondoka naye. Alikwenda polepole, mgongo wazi, akisubiri kelele, akisubiri jiwe, mwizi we, rudisha kuku wangu, maiti usiye na aibu.

Nyayo zilimfuata mbio. Moyo ulimruka, akageuka.

Mwaisha alikuwa ameshika kamba ya mgomba.

"Ngoja nikufungie miguu yake, bwana," alisema. "Asikusumbue njiani."

Akamfunga vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili.