Mbwa Walevi wa Bolette

Katika kijiji kile cha pwani ya barafu, mbwa wa kuvuta sleji, kigari kisicho na magurudumu, wakikata minyororo mara moja, mwenyewe huonywa. Wakikata mara ya pili, mbwa hao hupigwa risasi, na mjadala hakuna. Mbwa wa Bolette walishakata mara moja. Walikula samaki wote wa jirani waliokuwa wakikauka kwenye kichanja, kisha wakala kichanja.

Mwenye kazi ya kuwapiga mbwa risasi kijijini alikuwa Iisaja, ndugu wa marehemu mume wa Bolette. Asubuhi ile alikuja akaketi juu ya sleji ya Bolette bila kukaribishwa.

"Shemeji, leo lazima hawa wale. Usiku wamekuwa wakitafuna minyororo, nimewasikia kutoka kwangu."

"Wale nini? Sili wameihama ghuba tangu jua liliporudi baada ya miezi ya giza. Labda niwape wewe."

"Utawaonea bure. Mimi mifupa mitupu."

Wakaenda wote wawili kuvua samaki badala ya sili, wale wanyama wa baharini ambao ndio chakula cha mbwa, mbali kwenye barafu nene iliyofunika bahari. Mbwa walivuta kwa shida, mbavu zao zikihesabika. Bolette alitoboa tundu, akashusha mshipi mrefu wa ndoana nyingi, ukitanguliwa na kipande cha bati, ambacho huteleza chini ya maji na kwenda na mkondo kikiuvuta mshipi nyuma yake. Kisha wakanywa kahawa.

Walipouvuta, ndoana zilileta samaki bapa, ila vichwa tu, midomo wazi kama kwaya iliyokatizwa katikati ya wimbo.

"Kuna mgeni huko chini," alisema Iisaja.

Mgeni mwenyewe alikuwa kwenye ndoana ya mwisho: papa, mrefu kuliko sleji. Papa wa kule ni mzito wa kila kitu, hata wa mwendo. Alitolewa majini, akaburutwa, akapasuliwa, na uso wake ulionyesha kwamba ndoana bado alikuwa anaifikiria.

Bolette hakuwahi kutupa tumbo la samaki bila kulitazama. Ndani ya papa mlikuwa na sili, karibu mzima. Ndani ya sili mlikuwa na visamaki vya barafuni, vile vyembamba kama vidole. Akakipasua kimoja kwa ncha ya kisu: uduvi, wamejaa tele, bado wekundu.

"Shemeji, njoo uone. Hivi visamaki vinang'aa. Havijalainika hata kidogo."

"Na huyo sili je? Mbwa si wamepata chakula?"

"Huyo ameshalowa sumu ya papa. Hafai. Lakini alikula hapa hapa, leo, ndipo papa akamkuta amelala. Sili hawajahama. Wamefuata visamaki, na visamaki vimefuata uduvi, wote wako chini ya miguu yetu."

"Papa huyu angeweza kuja naye kutoka Kanada."

"Kwa mwendo wake? Angefika na mifupa."

Bolette akageuka kuwaangalia mbwa.

Mbwa kiongozi alikuwa amemwegemea mwenzake, na mwenzake alikuwa ameegemea hewa. Mmoja aliinamia sleji kwa heshima, kama anayesalimia wakwe. Mwingine, jike lenye sikio moja, aliketi, akatazama juu, akaanza kuimba.

"Iisaja. Umewapa nini?"

"Kidogo tu. Nyembamba nyembamba."

"Papa mbichi! Nyama yake hulevya mbwa kama pombe, na ikizidi huua!"

"Nimeigandisha kwanza kwenye upepo. Baridi huua sumu."

"Baridi! Papa mwenyewe ameishi kwenye baridi miaka yote na hajafa, itakufa sumu yake?"

Iisaja alivua kofia, akaivaa tena. "Walikuwa wananitazama, shemeji. Na kesho, kesho kutwa, mimi ndiye nitakayewatazama kwa bunduki. Nikaona angalau washibe."

Bolette aliwaendea mbwa. Mbwa wawili walikuwa wameshalala, miguu inatetemeka. Aliwahi kuona mbwa wakifa kwa nyama hiyo. Sleji haikuwa na wa kuivuta, na sili waliokuwepo leo wangeweza kesho kufuata visamaki kwingine.

Akautwaa mkuki wa kamba, akatembea kandokando ya ufa uliopasua barafu. Kwenye maji ya ufa aliviona visamaki, kundi zima, vimejibanza kwenye kingo za barafu. Mbele kidogo akalikuta tundu ambalo sili hulitumia kupumulia. Akatandika kipande cha ngozi ya dubu ili miguu isisikike, akainama, akangoja.

Jike lile likaendelea kuimba.

"Linyamazishe!" alinong'ona.

Iisaja alilikumbatia, akalishika mdomo. Likaimba kwa pua. Mwishowe na yeye akaanza kulibembeleza kwa wimbo wa watoto, sauti ikikwaruza vibaya sana.

Maji yakapanda tunduni mle, yakashuka. Pumzi ikasikika. Bolette akachoma.

Sili alikuwa mnene, na tumbo lake, lilipofunguliwa, lilikuwa na visamaki vile vile. Bolette husema sili alikuja kwa ajili ya samaki. Iisaja mpaka leo anashikilia kwamba alikuja kusikiliza.

Waliwapa mbwa maji ya vuguvugu na vipande vya mafuta ya sili, wale walioweza kumeza. Kisha wakampakia sili kwenye sleji, mbwa juu yake kama magunia, wakajifunga mikanda ya mbwa na kuivuta wenyewe. Kijiji kizima kilitoka kuwatazama wakiingia. Mzee Tuperna, mkubwa wa baraza, aliizunguka sleji.

"Iisaja, hawa mbwa hawana minyororo, na ni mara ya pili. Wewe ndiye mwenye bunduki. Inakuwaje?"

"Wangekuwa mbwa, mzee, wangekuwa mbele wanavuta. Hawa ni abiria."

Watu walicheka mpaka mzee naye akashindwa kujizuia, akaliacha hilo, akarudi kwake.

Kwa desturi, majirani hupata mafungu yao kwanza. Siku ile Bolette alianzia kwa mbwa. Alikwenda kwa kila mmoja, akamnyanyua kichwa na kumwekea nyama mdomoni, akingoja mpaka ameze. Majirani walisimama na masufuria yao, wakingoja zamu. Jike lenye sikio moja lilikuwa la mwisho. Lilikataa mara mbili, kisha likatafuna.