Cha Wote Kimeshonewa Kwenye Kochi

Fundi redio alipofika na kisanduku chake kwapani, Sponji alisimama katikati ya mlango kama komeo. Hakusema karibu. Alimwangalia mgeni kuanzia kandambili hadi upara, akakitazama kisanduku, kidogo kama boksi la viatu vya mtoto, kisha akamgeukia shemeji yake.

"Ndicho hicho?"

"Ndicho, shemeji."

"Mkubwa wake nani?"

"Hakina mkubwa. Ni chetu wote."

Sponji akacheka puani. Maneno hayo aliyajua, yalishamng'ata. Chama cha mafundi makochi kiliwahi kuwa na cherehani kizito cha kushonea ngozi, cha wote hicho, kikawekwa nyumbani kwa mwenyekiti "kwa usalama". Kwanza kilifunikwa turubai. Kisha turubai likashonewa zipu. Mwisho mkwe wa mwenyekiti akawa anakitumia mchana kweupe, na Sponji alipouliza, aliambiwa alete maombi kwa maandishi, yeye ambaye hata jina lake huliandika kwa kuliwinda, herufi moja moja. Tangu siku hiyo aliamini jambo moja kuhusu dunia: cha wote ni cha mwenye chumba.

Ajabu ni kwamba safari hii mwenye chumba alikuwa yeye.

Jina la Sponji lilitokana na kazi yake ya kujaza makochi. Wenye ulimi mrefu walisema ni kwa sababu hufyonza kila neno baya analoambiwa na halikamui. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa nguo. Wanawake walimwita Pindo, kwa msemo wake: "Pindo kwanza, maringo baadaye." Wanafunzi walipomjazia chumba mpaka wengine wakasimama nje dirishani, akaanza kurekodi masomo kwa sauti na kuyaweka kwenye lile jukwaa kubwa la mtandaoni ambalo kila mwenye simu yumo. Alipofariki, masomo yakabaki. Kila asubuhi, kabla ya kushika nyundo, Sponji alifungua simu ya marehemu na kusikiliza somo moja: namna ya kukata kwapa, namna ya kuficha uzi. Hakuwa anajifunza kushona blauzi. Alikuwa anakunywa chai na mkewe.

Asubuhi moja simu ikamwambia akaunti imefungwa kwa "shughuli isiyo ya kawaida".

Shemeji yake, mdogo wa Pindo na fundi wa nguo vilevile, aliwaandikia wenye jukwaa. Jibu lilirudi papo hapo, la adabu, halina mtu nyuma yake: mwenye akaunti atazame kamera na apepese macho ili kuthibitisha kuwa ni yeye.

"Tukamfukue?" Sponji aliuliza.

Shemeji akaandika tena, jibu likawa lile lile. Sponji hakushangaa. Kwake wakubwa wote walinyonya ziwa moja. Hospitalini walidai sahihi ya mgonjwa aliyezimia, na hawa wanadai maiti akonyeze. Kilichomuuma ni kimoja tu: sauti ya mke wake imekufa mara ya pili, na safari hii hakuna hata kaburi la kupalilia.

Ndipo shemeji alipokuja na habari kwamba mafundi wengi walikuwa wamehifadhi somo moja moja kwenye simu zao. Wakiyakusanya, wanaweza kuyaweka mahali pao wenyewe, wala si kwa mabwana wa mbali. Fundi redio alizijua programu huria, zile zinazoandikwa na watu wengi kwa ushirika na kuachiwa yeyote azitumie. Kinatosha kisanduku kimoja, kompyuta ndogo ya kutunzia sauti, kwa mafundi wa nguo. Wasusi wanacho chao, washona viatu wanacho chao, na visanduku vinasalimiana.

"Kama majirani, mzee," fundi redio alieleza pale mlangoni. "Kila mtu na jiko lake, lakini chumvi mnaazimana."

"Na wanaoiandika hiyo programu wanalipwa na nani?"

"Wengi hawalipwi."

"Basi hao ndio wa kuogopa. Mwizi hajawahi kudai mshahara."

"Lakini iko wazi! Unaweza kuisoma yote uone kama kuna hila."

"Mimi? Mimi gazeti natazama picha."

"Basi watakusomea wengine."

"Hata mwenyekiti alisema hivyohivyo."

Shemeji akapiga ulimi. "Shemeji, unaitaka sauti ya dada au huitaki?"

Sponji akatoka mlangoni.

Kisanduku kikawekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, katika chumba cha marehemu, chenye nondo dirishani na umeme usiokatikakatika. Mafundi wakaja mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake. Sauti ya kwanza ilipotoka kwenye simu ya marehemu, "Haya wanangu, mkasi usiushike kama unaua kuku," Sponji alikwenda kusimama uani akawa anakagua kamba ya kuanikia nguo, kamba isiyo na tatizo lolote.

Asubuhi zikarudi. Chai ikarudi kuwa na ladha. Lakini mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Sponji hakuacha kuhesabu meno ya fundi redio kila alipocheka. Mafundi walipoitisha mkutano wa kukubaliana jinsi ya kukitunza kisanduku, yeye alisikia neno "kamati", akanyanyuka na kiti chake, akaenda zake.

Siku moja fundi redio alipita akasema, "Jana nimekirekebisha kidogo. Sasa hakitasuasua."

"Jana? Uliingiaje? Mlango niliufunga mwenyewe."

"Sikupita mlangoni, mzee. Nilikuwa dukani kwangu, nikaingia kwa njia ya mtandao."

Sponji akaguna. Mtu anaingia chumbani kwa mkeo bila kupita mlangoni, halafu anakuambia huku anatabasamu!

Mchana wa siku ya pili akaja mshona sare, mwanamke mnene mwenye vicheko, kutoka mtaa wa mbali. Alikuwa na somo moja ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo. Akalipakia, kisha akamgonga Sponji begani.

"Baba, hilo lisikilize kwa makini. Dada amekutaja humo."

"Amenitajaje?"

"Usikilize mwenyewe. Mimi si kasuku."

Lakini hakufungua simu. Ya asubuhi ni ya asubuhi, tena hakutaka uso wake usomwe na watu. Akaenda zake nyuma kukoroga gundi. Na huko nyuma, kupitia dirisha, ndipo alipomsikia shemeji akimwambia fundi redio: "Kwa hiyo jioni hii na hilo jipya linakwenda kwa wasusi?"

"Linakwenda. Kama kawaida."

Kijiti cha gundi kikamtoka mkononi. Linakwenda! Tena kama kawaida! Kumbe turubai limeshatiwa zipu. Leo wasusi, kesho nani? Kesho utasikia sauti ya Pindo inatangaza sabuni sokoni, na yeye akiuliza ataambiwa alete maombi kwa maandishi.

Walipoondoka, aliingia chumbani na kisu chake, nyundo na mfuko wa misumari. Pale ukumbini kulikuwa na kochi la mteja ambalo bado halijafungwa chini. Fundi makochi anajua siri moja ambayo wezi hawaijui: ndani ya kochi ndimo mahali pakubwa kuliko pote ndani ya nyumba. Akakitoa kisanduku chumbani, akakiingiza katikati ya fremu, nyaya akazipitisha nyuma kwenye mshono, kwa sababu alitaka kiendelee kufanya kazi, hakuwa mjinga. Akakizungushia sponji nene ili kisitikisike. Juu akaongeza pamba. Akavuta kitambaa, akapiga misumari, akashona ukingo kwa mshono wa kuficha uzi, ule aliofundishwa na sauti ya mkewe. Kazi safi. Kisha akaketi juu yake, kama kuku juu ya yai.

"Haya," akasema peke yake. "Waje waingie bila mlango."

Asubuhi akachemsha chai, akavuta kigoda karibu na kochi, akafungua simu. Alikuwa amenyoa ndevu. Simu ikazunguka, ikazunguka, ikasema haipati kitu. Akajaribu tena. Akaipangusa kwa shati, akajaribu tena.

Chai aliiacha inatoa moshi. Akafika dukani kwa fundi redio bila salamu.

"Umekwisha niibia!"

"Nimekuibia nini, mzee wangu?"

"Sauti! Uliingia kwa njia zako za kichawi ukaikomba yote!"

Fundi redio akagusa kompyuta yake, akakunja uso. "Kisanduku kimezimika. Tangu jana alasiri, kabla ya jioni. Kipo pale mezani?"

"Kipo salama."

"Mezani?"

"Nimesema kipo salama!"

Wakaenda wote. Njiani wakampitia shemeji, na mshona sare, aliyekuwa amelala kwa shemeji huyo, akafuata nyuma akitweta. Chumbani meza ilikuwa tupu kama kiganja. Shemeji akamtazama Sponji, Sponji akatazama dari. Mshona sare, aliyechoka na mwendo, akajitupa kwenye kochi la ukumbini.

"Eh! Jamani, mbona kochi lina homa?"

Hakuna aliyecheka. Sponji akachukua kisu, akaupasua ule mshono mzuri kutoka mwanzo hadi mwisho. Harufu ya sponji iliyoungua ikawapiga puani. Kisanduku kilitoka, umeme bado unaingia, na ngozi ya kahawia ya sponji iliyogandamana nacho, ubavu mmoja umelegea kama mshumaa.

Fundi redio alikigeuza polepole. "Hiki kinapumua, mzee. Kina matundu ya kupumulia. Umekiziba pumzi."

"Nilikuwa nakilinda."

"Unakilinda na nani?" aliuliza shemeji.

"Na nyinyi! Nilisikia mkisema linakwenda kwa wasusi!"

"Nakala, shemeji. Nakala! Kila jioni kisanduku chetu kinapeleka nakala ya kilichoingia mchana, cha wasusi kinatuwekea, na sisi tunawawekea ya kwao. Tulikubaliana kwenye mkutano. Ule uliouacha ukabeba kiti chako ukaondoka." Akavuta pumzi. "Cha wote kiliwekwa kwako kwa usalama, na wewe ukakishonea ndani. Shemeji, umekuwa mwenyekiti."

Katika maisha yake Sponji alikuwa ametukanwa na askari, na wauguzi, na wateja, na yote aliyajibu. Safari hii alikaa chini sakafuni, kisu mapajani.

Fundi redio naye alikuwa ameshatoa simu na kuielekeza kwenye kisanduku cha wasusi. Akabonyeza. "Haya wanangu," ikasema sauti ya Pindo, nzima, haina hata mkwaruzo, "mkasi usiushike kama unaua kuku." Akabonyeza nyingine, ikaja ya kwapa. Nyingine, ikaja ya kuficha uzi. Yote yalikuwapo.

"Na la jana?" Sponji akauliza.

Fundi redio akaipekua orodha hadi mwisho.

"La jana liliingia mchana," fundi redio akasema. "Jioni ilikuta kisanduku kimeshakufa. Nitajaribu kukifungua, lakini kwa hali hii sikuahidi."

Sponji akamgeukia mshona sare. "Wewe unalo kwenye simu."

Mwanamke akatikisa kichwa. Kicheko chote kilikuwa kimemtoka. "Simu yangu ilijaa, baba. Nilifuta. Nikasema si sasa liko mahali salama?"

Nje muuza maji alipita akipiga debe, akaenda mpaka sauti ikapotea.

"Alisemaje?" Sponji akauliza mwishowe.

"Alikuwa anafundisha kupima kiuno. Akasema, 'Futi msiivute sana, mume wangu huvuta kila kitu kwa hofu, lakini mkono wake ndio mkono pekee niliouamini na mkasi wangu.'"

Sponji alilisikiliza neno hilo likishuka. Kisha akakaza macho.

"Rudia."

"Alisema, mume wangu ana hofu ya kila kitu, anavuta sana, lakini ndiye mtu pekee ambaye ningemwachia mkasi wangu."

"Mara ya kwanza umesema aliuamini mkono. Sasa unasema angeniachia. Lipi?"

"Baba, ni yale yale."

"Si yale yale! Wewe unanionea huruma. Unaniongezea sukari."

"Haki ya Mungu siongezi!"

Akamtazama usoni kwa muda mrefu, akitafuta hila, na hakujua kama ameiona au hapana. Hilo ndilo litakalokaa naye, alielewa sasa: hatajua kamwe.

Akainuka. Akavuta fremu tupu ya kiti iliyoegemea ukuta, mbao na mikanda tu, haina sponji wala kitambaa, upepo unapita juu na chini. Akaiweka katikati ya ukumbi, mahali ambapo kila anayeingia ataiona.

"Kisanduku kingine kikipatikana, kitakaa hapa," akamwambia fundi redio. "Na nitakuwa nakitazama. Na wewe nitakutazama."

"Nitazame tu, mzee."

Kisha akachukua simu ya marehemu, akampa mshona sare mkononi.

"Rekodi. Sema alichosema, kama unavyokumbuka, halafu lipelekwe kwa wasusi, na kwa washona viatu, na kokote kule."

"Sasa hivi, baba?"

"Sasa hivi," akasema Sponji, "kabla hujalibadilisha tena."