Mtoto Aliyeletwa Kabla ya Kesho

...maana nesi hakumung'unya maneno, alisema wazi, mama, leo kutwa nzima usipakate mtoto mchanga, kesho uko huru, na sasa huyu Cynthia, mke wa mwanawe, amemnyooshea kitoto cha siku kumi na mbili, "Mama, mshike wajina wako," na mikono ya Syombua imekwama mapajani juu ya leso, haiendi mbele wala hairudi nyuma, leo asubuhi tu alikuwa Mombasa, akadungwa dawa yenye miale ya kumulika moyo, akalazwa chini ya mashine inayozunguka polepole, akakatazwa kujitikisa, halafu akasomewa masharti ya nyumbani, kunywa maji mengi, mkono ukivimba pale pa sindano urudi, kifua kikibana usingoje kupambazuke, chooni mwaga maji mara mbili, miale itaisha yenyewe, majibu Ijumaa... naye akaitikia ee, ee, kwani si alikuwa anarudi Voi kwenye nyumba isiyo na mtu, nani angemletea mtoto? Walisema watamleta Jumapili baada ya kanisa, lakini mwanawe Geoffrey, asiyeweza kungoja hata chai ipoe, ameona afadhali amshtukize mama akitoka semina ya akina mama wa kanisa... semina! Uongo wake mwenyewe huo, aliutunga kwa sababu Geoffrey akisikia moyo atamfungia kibanda chake cha mitumba siku hiyo hiyo na kumkalisha kama mgonjwa, "Mama, mbona hivyo, mkono umechoka?" anauliza Geoffrey, na yeye anajibu, "Ngoja kwanza," angoje nini, na ule mpango wenyewe wa nyanya kumpokea wajina kwa mikono miwili, amwite jina, amtemee mate ya baraka kifuani, Mungu wangu, mate! Nesi alitaja mkojo, alitaja choo, mate hakuyataja na yeye hakuuliza, nani anauliza mate hospitalini, sasa kama miale imo mpaka kwenye mate...

"Si lazima, Mama," Cynthia anasema, taratibu sana, na mikono yake bado imenyooka, na hilo "si lazima" Syombua analijua, limetoka mbali, limetoka siku ile binti huyu aliposhuka kutoka kwao Wusi milimani na kabeji zake za kumsalimia mama mkwe, naye akamwacha amesimama barazani na mzigo mpaka amalize kukunja nguo za kuuza, nguo moja moja, makusudi, kwa kuwa alimtakia mwanawe msichana wa Kikamba, na mwaka huu ni Cynthia mwenyewe aliyesema mtoto aitwe Syombua kama kwao Geoffrey wanavyofanya, na sasa anadhani anasimamishwa barazani tena, na safari hii na mtoto wake. Uchungu gani huo! Amshike basi, sekunde mbili tu, miale gani hiyo ya sekunde mbili... la, hapana, hivyo vidole vidogo vinavyofumba na kufumbua, kwa nini vilipie aibu ya nyanya yake? Kumbe haogopi Ijumaa kama alivyodhani, anaogopa kuonekana ameshindwa, ameogopa hivyo tangu alipofiwa na mumewe, kutwa amekaza shingo, na ona shingo hiyo ilipomfikisha, mke wa mwanawe mbele yake ametoa alicho nacho chote na yeye anahesabu maua ya leso. Basi Geoffrey afunge kibanda akitaka. Mtoto anapiga mwayo, Cynthia hajarudisha mikono.

"Sijamkataa, Cynthia," anasema. "Namtaka kuliko unavyojua. Rudi nyuma naye kidogo, mwanangu, ukae, nikwambie leo nilikuwa wapi."