Sauti ya Nyumba ya Matumbawe

Sifichi: mdogo wangu namwonea wivu, na siku ile nilimwonea mpaka kifua kikawaka moto.

Miaka kumi na miwili natembeza wageni mwambao huu. Nawapitisha kwenye mikoko, nawaingiza kwenye pango la popo, nawamalizia kwenye nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe. Viatu vyangu vimelika upande mmoja kwa ngazi zile. Sasa ofisi ya wilaya ilitaka kurekodi sauti moja tu, wageni wawe wanaisikiliza humo ndani siku zote. Niliitaka iwe yangu. Ya nani tena, jamani?

Asubuhi ya majaribio akatua yeye, kitindamimba wetu, yuko likizo. "Dada, na mimi nijaribu, mzaha tu."

Mzaha! Afisa akamwambia aanze yeye, si mgeni? Akasimama mbele ya mlango wa kuchongwa, akafungua mdomo, nami nikasikia maneno yangu mwenyewe. Kile kisa changu cha fundi wa mlango huo, aliyegombezwa na mwenye nyumba, akachonga ua moja kichwa chini kwa hasira, alikianza kwa kunong'ona, kama mimi. Akanyamaza pale pale ninaponyamaza mimi. Hata ule utani wa popo kudai kodi ya pango niliutunga mwenyewe nikiosha vyombo! Kila jioni nilikuwa namtumia visa hivyo kwenye simu, kwa sauti yangu, ili acheke huko aliko. Kumbe mwenzangu alikuwa anakariri.

Wageni waliokuja kusikiliza wakapiga makofi. Roho iliniuma, acha tu. Nikamvuta kando. "We, hayo maneno ni yangu."

"Si ulinitumia mwenyewe, dada?" akasema, huku anacheka.

Zamu yangu ikafika. Nikajikaza kisabuni, nikaeleza nilivyozoea: nikanong'ona, nikanyamaza, nikaleta popo wangu. Hakuna aliyecheka. Mmoja alipiga miayo, Mungu anamwona.

Afisa akazima kinasa sauti. Akanisogelea kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Dada, usijisikie vibaya. Unajitahidi sana. Ila tafuta mtindo wako mwenyewe, usimwige mdogo wako."

Nikamgeukia mdogo wangu. Nilitaka aseme neno moja tu, moja, nami ningemsamehe yote.

Alikuwa anamwomba mgeni mmoja ampige picha mlangoni.