Kitanda cha Kukunja

Ndugu yangu Fawaz akikuletea neema, tazama kwanza imefuatana na nini. Mama husema huo ni wivu. Nami nasema Mama alimwekea Fawaz firigisi ya kila kuku aliyechinjwa nyumbani kwetu, na mimi, niliyemkamata kuku na kumnyonyoa, sikuijua ladha yake mpaka nilipoolewa.

Mama aliteleza uani kwetu Kaloleni mwaka ule wa mvua za El Niño, Voi yote ilipokuwa matope, akavunjika karibu na nyonga. Daktari wa pale mjini alimpiga picha, akauweka mguu sawa kwa mbao na bandeji, kisha akaniita kando. Alisema kuna mpasuaji wa mifupa Mombasa, na amemwombea Mama nafasi Jumatano asubuhi. Halafu akanipa sharti moja tu: asafiri amelala, mguu umenyooka, asikalishwe. Akikalishwa, mfupa uliowekwa sawa utahama. Nilimwuliza tena ili nihakikishe, naye akarudia maneno yale yale bila kuchoka.

Nilikuwa nimeshapanga. Jirani yetu Titus, mtu wa Sagalla, alikuwa na Peugeot ile yenye nyuma ndefu. Ukilaza viti, godoro zima linaingia. Tulikwisha kukubaliana naye atupeleke Jumanne. Ndipo Fawaz akapiga simu kutoka Nairobi.

"Mwambie Titus asijisumbue, dada. Mimi nina trela, na ndani kuna kitanda. Mama atasafiri kama malkia."

Mama alipopata habari hizo maumivu yalimpungua papo hapo. Kila mwanamke aliyekuja kumjulia hali aliambiwa kwamba Fawaz babangu anakuja na nyumba yenye magurudumu. Titus naye, alipoona hatumhitaji tena, akachukua kazi ya kwenda Taveta kubeba vitunguu.

Fawaz aliwasili Jumanne asubuhi na Land Rover inayokokota hilo trela. Lilikuwa sanduku la bati, refu kama chumba, ambalo yeye na marafiki zake walichomelewa na fundi huko Nairobi ili mwishoni mwa wiki waende porini na pikipiki zao, wakacheze na kulala huko huko. Mlango wa nyuma uliteremshwa ukawa daraja la kupandishia. Ndani mlikuwa na dirisha dogo na kitanda kilichoshikwa ukutani kwa bawaba. Ukitaka kulala unakishusha, ukitaka nafasi unakikunja juu. Bawaba zile niliziona, na sikuzifikiria hata kidogo. Nilikishusha kitanda, nikatandika godoro la Mama, shuka safi na leso zake mbili, nikafukiza na udi. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilijiambia kwamba pengine nimemwonea mdogo wangu miaka yote hii.

Alikula, akanawa, akasema anapanda matatu afike Mwatate mara moja kumsalimia mtu.

"Leo? Tunaondoka saa sita," nikamwambia.

"Mwache," Mama akasema kutoka chumbani. "Mwanamume hakosi shughuli."

Alirudi juu ya pikipiki. Ngurumo yake tuliisikia tangu kule barabarani, na watu wakatoka majumbani kutazama. Ilikuwa BMW ya zamani, nyeusi, nzito kama ng'ombe, injini imejitokeza kulia na kushoto. Alikuwa ameinunua kwa meneja mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa akihama nchi.

"Nimeitafuta mwaka mzima, dada," akasema, akiipangusa tangi kwa kiganja. "Kuna fundi mmoja tu anayezijua injini hizi, naye yuko Changamwe, Mombasa. Ananingoja leo jioni."

"Utaipeleka vipi?"

Aliingia ndani ya trela, akaondoa leso, akatoa shuka, akakikunja kitanda ukutani na kukifunga kwa komeo. Hapo ndipo nilipojibiwa.

Nilimwambia yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia alivyosema daktari, na kwamba Titus yuko Taveta kwa ajili yake, na kwamba pikipiki yake inaweza kukaa uani kwetu hata mwezi. Akasema itaharibiwa na mvua na watoto wataipanda. Akasema Land Rover ina kiti kizuri, Mama ataegemea, ni mwendo wa saa mbili tatu tu. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na majirani wakaacha kutazama pikipiki wakaanza kunitazama mimi.

"Saadiya," Mama akaita. "Usimkere mwenzio. Nitakaa."

"Mama, daktari kasema..."

"Daktari hanijui mimi. Nitakaa, n'shasema."

Basi nikawa mimi wa kuishika pikipiki. Tuliisukuma juu ya ule mlango, Fawaz na mimi na Mzee Obadiah jirani yetu, tukaiingiza mpaka gurudumu la mbele likakaa kwenye chuma chenye umbo la kabari. Fawaz akaniambia niushike usukani nisiyumbe, kwa sababu ikilala upande haitainuka na inaweza kumvunja mtu mguu. Alisema hivyo hivyo, kumvunja mtu mguu, na hakujisikia anachosema.

Kazi ile aliijua, sitamnyima haki yake. Kulikuwa na pete za chuma zilizochomelewa sakafuni, mbili mbele na mbili nyuma, na mikanda minne yenye vyuma vya kukazia. Ile ya mbele aliipitisha chini ya usukani, mmoja kulia na mmoja kushoto, akakaza kidogo upande huu, kidogo upande ule, ili isivutwe ikapinda. Stendi aliikunja. Alisema watu wasiojua huiacha pikipiki iegemee stendi yake, na shimo la kwanza barabarani linaivunja.

"Isimame yenyewe, imeshikwa kila upande," akanifundisha. "Na springi za mbele uzibane nusu tu. Ukizibana mpaka mwisho sili za kuzuia mafuta zinapasuka. Ukiziacha huru, mikanda inalegea. Yataka kushikwa, lakini pia ipate nafasi ya kupumua."

Nilimtazama alivyokuwa akizungumza. Uso ulikuwa umemlainika kabisa.

Kisha akaona mikanda itaikwaruza rangi, akailegeza tena mimi nikiishika pikipiki, akachukua leso za Mama akazikunja na kuziweka chini ya mikanda. Akaona injini iko karibu na bati, akachukua godoro la Mama, lile lile nililolitandika asubuhi, akalisimamisha katikati. Kwa mikono yangu miwili ningeweza kuliachia lile dude la pikipiki likaangukia bati. Sikuliachia. Mama angesema nimemwumiza mtoto wake.

Mzee Obadiah alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Lakini mama si aliambiwa alale?" akauliza polepole. "Sasa hapa atalala wapi?"

"Amesema mwenyewe atakaa, mzee," Fawaz akamjibu kwa adabu.

Tulimbeba Mama kwa blanketi. Ili aingie kwenye kiti cha mbele ilibidi tulegeze mbao na bandeji, mguu ukunjwe, na ulipokunjwa Mama aliuma ncha ya mtandio wake mpaka machozi yakamtoka. Nikamwekea mto chini ya goti. Mshipi wa kiti ulikuwa umekatika zamani. Pikipiki ilikuwa na mikanda minne. Mama alishikwa na mkono wangu, niliyebanwa katikati yake na dereva. Fawaz akasema bismillahi, tukaondoka.

Barabara ya Mombasa mwaka ule mtu akiisahau ni kwa sababu hakuipita. Mvua ilikuwa imeila lami, na mashimo mengine malori yaliyazunguka kwa kupita msituni. Kila tulipodunda nilihisi mwili wa Mama ukikakamaa chini ya mkono wangu. Hakulia. Alikuwa akivuta uradi kimoyomoyo, midomo ikimcheza.

Maungu, Fawaz akasimamisha gari, akashuka mbio. Nilidhani amemwona Mama. Alikwenda nyuma, akafungua mlango, tukamsikia akiivuta mikanda mmoja mmoja.

"Mikanda hulegea mwanzoni," akasema alipopanda tena. "Usipoikagua mapema umekwisha."

"Na Mama utamkagua lini?" nikamwuliza.

"Saadiya," Mama akasema.

Mackinnon Road alisimama tena. Wasafiri wengine waliingia msikiti wa pale barabarani kuomba dua ya safari, yeye akaingia ndani ya trela. Alirudi amekunja uso. Godoro lilikuwa limeteleza, na tangi lilikuwa likigusana na komeo la kitanda. Alitafuta kitu cha kuweka pale katikati, akatazama huku na huku ndani ya gari, macho yake yakatua kwenye goti la Mama.

"Huo mto, dada. Kidogo tu, mpaka Mariakani."

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi iliniogopesha. Fawaz akarudi nyuma hatua moja, na naamini angeacha, kwa kuwa hakuwahi kuniona hivyo. Lakini Mama aliingiza mkono chini ya goti lake, akauvuta mto taratibu, akampa kupitia dirishani.

"Chukua, babangu. Mimi mto umeshanichosha."

Niliuweka mguu wa Mama juu ya paja langu, na hivyo ndivyo tulivyokwenda. Mariakani alimnunulia Mama dafu, akalishika mwenyewe akamnywesha, akampangusa kidevu kwa leso ya mfukoni. Mama alimtazama kama mtu aliyepewa dunia nzima. Nami niliumia zaidi pale kuliko popote njiani, kwa kuwa niliona anampenda kweli. Anampenda, na hamwoni.

Tulifika Mombasa kabla ya alasiri. Fawaz aliegesha mbele ya hospitali, akazima injini, akaenda moja kwa moja nyuma kufungua trela. Nikamwacha Mama kidogo nikakimbilia ndani kuita msaada. Alikuja muuguzi mmoja mtu mzima na vijana wawili wenye machela. Muuguzi alifunua blanketi. Paja lilikuwa limevimba limekaza, na mguu umegeuka nje, mfupi kuliko mwenzake.

"Mfupa umehama," akasema. "Kwa uvimbe huu kesho hapasuliwi. Nani aliyemkalisha huyu?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu Voi, na jibu nilikuwa nalo ulimini. Mama akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo sikujua amebaki nazo.

"Mimi mwenyewe," akasema. "Nilitaka kuiona njia. Wanangu walinikataza, nikawashinda."

Muuguzi akanitazama, nami nikatazama chini. Kutoka nyuma tulimsikia Fawaz akifungua mikanda, kisha akasema peke yake, kwa furaha, "Hata mkwaruzo."

Walimlaza Mama kwenye machela, mwisho akalala, mguu umenyooka. Wakaanza kumsukuma. Alinivuta niiname, nikadhani anataka maji, au ataniambia pole, au atasema anaumwa, maana tangu Voi hajasema.

"Saadiya," akaninong'oneza. "Pikipiki yake imefika salama?"

"Imefika salama, Mama," nikamjibu.

Akafumba macho, akasema alhamdulillahi.