Ingobyi Iliyokatwa

Meshaki alikuwa na hasira mpaka mate yamemkauka. Binti yake Ineza alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya tumboni, na gari la kilima chao, lile walilochangia wakazi wote, limegoma uani.

Pontiani, dereva, alizungusha ufunguo tena. Kimya. Simu yake ikalia; akasikiliza, uso ukamshuka.

"Ni wale wa Bujumbura, wenye kile kifaa cha kuzuia wezi," akasema. "Kuna wezi wameingia mu ordinateri zao, zile kompyuta za ofisi. Magari yote yenye kifaa iko imezimwa. Hao wezi wanataka walipwe kwanza."

"Mwizi gani atapanda huku kuiba hii gari?" Meshaki akafoka. "Toa hicho kidude!"

"Kimeshikana na moteri, papa. Siwezi."

Pikipiki nazo hazikuwa na mafuta, wiki ya tatu sasa.

Siku kidude hicho kilipofungwa garini, Meshaki alipiga makofi kuliko wote. Miaka thelathini aliongoza wabeba ingobyi, kile kitanda cha kusuka cha kushushia wagonjwa mabegani mpaka kituo cha afya cha Minago. Gari lilipokuja aliona ingobyi ni aibu ya kizamani. Akaikata kwa panga mbele ya watu, akazibia banda la kuku.

"Leteni mlango!"

Wakang'oa mlango wa jikoni, wakamlaza Ineza, wakamfunga kwa kamba. Wanaume wanne tu walijitokeza. Zamani walikuwa kumi na wawili, wakipokezana. Mlango uliteleza, Ineza akapiga kelele, wakautua, wakaanza upya. Kila walipopumzika, Meshaki alimtukana mtu asiyemjua, aliyekaa raha mustarehe mbele ya kompyuta yake, halafu akajitukana mwenyewe.

Walitembea kwa muda wa saa nne. Kwenye kituo cha afya Ineza aliokolewa. Mtoto, wa kiume, hakulia.

Alasiri Meshaki alikuwa amekaa kwenye ngazi za kituo, amempakata mjukuu wake ndani ya kitenge. Pontiani akaja na simu, akamwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa kule Bujumbura, yenye adabu.

"Amahoro, muzee. Mutusamehe kwa usumbufu. Tumetengeneza kila kitu. Gari yenu tumeifungua kutoka huku huku ofisini, sasa inawaka."

Meshaki aliufunika uso wa mtoto.

"Murakoze, asanteni," akasema. "Sasa na huyu mutoto mumuwashe, kutoka huko huko."