Chokaa ya Wakubwa

Mume wangu alilitumikia taifa kwa brashi. Kila mkubwa alipokaribia kupita, manispaa ilimtuma kupaka chokaa mawe ya kando ya barabara kuu, ili mheshimiwa ajionee nchi yake ilivyo nyeupe pepepe. Alimpakia rais wa uhuru. Wanajeshi walipompindua, akawapakia na wao, mawe yale yale. Wakaja wa vyama vingi, wakaapa kufagia kila cha zamani, chokaa wakaiacha. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Mwenyeji wangu yeye alipata kikohozi.

Chumbani kwetu ukuta uliota ukungu. Nikimwomba chokaa kidogo, hunikazia macho: "Hiyo mali ya umma, mama watoto." Mawaziri wanajenga maghorofa kwa mali ya umma, yeye ananinyima kopo moja! Na siku ya sherehe yenyewe hakuwahi kuipita barabara yake, maana wapaka chokaa walifukuzwa mapema wasije wakaharibu mandhari.

Wiki hii kaja rais mwingine mpya. Mume wangu akapaka, akarudi kifua kinambana, akalala, hakuamka. Siku ya ziara ndiyo tukawa tunamzika: jeneza nyuma ya pikapu, mwanangu kwenye usukani, mimi kando yake. Makaburi yako mwisho wa barabara kuu hiyo hiyo, nayo imefungwa.

"Subirini mheshimiwa apite, mama," polisi akasema.

"Anapita saa ngapi?"

"Tangu asubuhi wanasema yuko njiani."

Jua linachoma, na maiti haijui itifaki. Nikashuka. "Afande, unayaona mawe hayo meupe? Aliyeyapaka ndiye huyo nyuma. Unataka aniharibikie hapa, mbele ya kazi yake?" Nikalia kwa sauti, wala sikuona haya.

Polisi akatazama jeneza, akatazama mawe, akavua kofia. "Haya, piteni upesi. Mkiulizwa, mimi sikuwaona."

Sasa, wanafunzi walikuwa wamepangwa kando ya barabara tangu alfajiri, wameambiwa gari la kwanza likitokea washangilie. Tukatokea sisi. Bendera zikapepea, bendi ikaanza kupiga, wanawake wakapiga vigelegele, na diwani mmoja akainama mpaka tai ikagusa magoti.

Mwanangu akatoa macho. "Mama, wanadhani sisi ndio wenyewe!"

"Leo ndio wenyewe," nikamwambia. "Punguza mwendo."